Jiwe Mbele ya Mlango

Luzira, Jumapili

Mume wangu Huzaifa,

Nakusalimu huko Juba, na Mungu akulinde barabarani. Sisi wazima. Mwanao ameota jino, anauma kila mtu isipokuwa bibi yake. Taa ya sola uliyonifungia haijanisumbua. Majirani huja kuchaji simu na kukuombea dua.

Unakumbuka kikundi chetu cha akina mama kilivyodai kinamasi kiwekewe mipaka, watu waache kumwaga vifusi kwenye mafunjo? Serikali imetusikia. Wapimaji walikuja, tukawapikia chai. Jiwe la mwisho la mpaka wamelisimika mbele ya mlango wetu. Nyumba yote imebaki upande wa kinamasi, na itavunjwa.

Wenzangu wanataka niombe jiwe lisogezwe, maana mimi ndiye mwenyekiti wao. Nimekataa. Ningewatazamaje wale waliojenga kinamasini, tuliowaambia wahame? Najua kila tofali ulilibeba wewe. Nikasirikie ukifika, siyo ukiwa kwenye usukani.

Tunahamia kwa dada Farhana, Kisugu. Taa nitaishusha mwenyewe, nihame nayo. Kila jioni nitaiwasha kibarazani kwake, usije ukatupita.

Wako nikiwa popote,
Rukiah