Dudumizi Hana Kosa

Shikamoo Shangazi, huku Sindeni kwa wifi.

Huwezi kuamini nilichokiona! Siku hizi mitumba Korogwe imejaa hadi darubini, nikanunua moja. Leo asubuhi nikaielekeza kwenye mlimau. Ndege mdogo kama ngumi ya mtoto amesimama mgongoni kwa kinda lililojaa kiota kizima, analilisha viwavi!

Nikapiga kelele: "Wifi, dudumizi katelekeza mtoto kwenye kiota cha mwenzake!"

Wifi akacheka. "Dudumizi yupi? Yule wa vichakani, mabawa ya kahawia na macho mekundu, analea wanawe mwenyewe. Huyu mwizi anayetaga kwenye viota vya wenzake ni kekeo, mgongo wa kijivu, kifua cha rangi ya kutu, anayelia juu mitini mvua ikikaribia."

Mungu wangu, Shangazi! Na wewe miaka yote unamrushia dudumizi mawe ukimwita mtupa watoto!

Nikarudi kukitazama kile kindege kikihangaikia jitoto lisiloshiba. Nikakuona wewe uliyenilea, na mimi niliyekupita urefu nikiwa darasa la tano.

Mwache dudumizi wa watu. Na ukipika leo, kula wewe kwanza.

Kinda lako,
Zaina