Fimbo ya Grafiti na Feni ya Sebuleni

We, usicheke kwanza. Ile fimbo yangu mpya ya kuvulia imevunjika. Haijaona hata maji!

Unakumbuka dukani nilivyomcheka mke wangu kwa kuchagua ya faibaglasi? "Hiyo nzito, kaangulie mapapai. Hii ya grafiti nyepesi, samaki akigusa tu chambo bandia, mkono unapata habari."

Nilisema hivyo mbele ya watu!

Sasa leo sebuleni namwonyesha mama mkwe jinsi ya kurusha. Ncha ikaingia kwenye feni ya dari. Paa! Vipande vitatu.

Feni, ndugu yangu. Feni!

Mama mkwe kaangalia ukutani, kwa heshima.

Mke wangu kaokota kipande, kauliza taratibu: "Na feni ilipogusa, mkono ulipata habari?"