Nataka kumkata mke wangu kwenye rekodi, dakika moja na nusu tu

Mpendwa mshauri Bi Hamida, shikamoo. Naomba unisaidie, na naomba sana usinicheke, maana ukurasa huu tunausoma nyumbani kila wiki na najua ukiamua kumcheka mtu unavyomcheka, na mimi ni mtu mzima, baba wa watoto wawili, mwalimu wa kwaya hapa Gongo la Mboto kwa miaka kumi na moja, watu wananiheshimu. Jina langu lifiche tafadhali.

Ishu yenyewe ni hii. Mwaka juzi mwezi wa pili niliingia jikoni kutafuta maji ya kunywa, nikamkuta mke wangu, mama Jenipher, anasukuma chapati huku anaimba kwa sauti ya chini wimbo ambao sijawahi kuusikia popote, na mimi nyimbo za kwaya nazijua, nikasimama mlangoni na kikombe mkononi mpaka nikasahau kiu. Nikamwuliza huo wa nani, akasema wa kwake, wa kupitishia muda tu. Nikatoa simu nikarekodi, nikawa namfuatisha ili niushike, na kabla ya chakula nilikuwa nimeshaupangia sauti zote nne, na nikwambie ukweli Bi Hamida, ulikaa kwenye sauti nne kama ulizaliwa nazo.

Alhamisi mazoezini nikawafundisha. Walipomaliza kuuimba mara ya kwanza mwenyekiti wetu, mzee Kasimiri, akafuta machozi akasema, "Mwalimu, safari hii umetunga!" na watu wakapiga makofi, na naapa nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme sio wangu, ila makofi yalikuwa marefu, na yalipoisha nikaona kama muda wa kusema umeshapita. Mama Jenipher alikuwa amekaa pale pale kwenye sauti ya pili, akatabasamu. Tuliporudi nyumbani akasema, "Wameupenda." Nikajibu, "Wameupenda kweli." Basi, hatujauzungumzia tena mpaka leo.

Sasa sie watu wa kwaya tuna ugonjwa wetu, kwaya moja ikitoka na wimbo mzuri Jumapili hii, Jumapili ijayo unausikia kwa majirani umebadilishwa ubeti mmoja na umepata mtunzi mwingine. Kwa hiyo wiki ile ile nikaenda kwa Twaha, fundi wa simu na kompyuta hapa kwetu, akaniambia, "Braza, hiyo rekodi tuiwekee muhuri wa muda kwenye blokcheni." Akanieleza kwamba kompyuta inalisoma faili lote kuanzia mwanzo mpaka mwisho, inatoa mstari mrefu wa herufi na tarakimu ambao ni kama alama ya kidole ya faili lile peke yake, na alama hiyo inaingizwa kwenye daftari ambalo nakala zake zipo kwenye maelfu ya kompyuta dunia nzima, hakuna mkubwa wala mdogo anayeweza kurudi nyuma kubadilisha tarehe. Siku ukibishiwa, unaleta faili lako linasomwa upya, alama ikilingana imethibitika kwamba lilikuwepo siku ile na halijaguswa. Nikafurahi, nikampa faili bila kulisikiliza tena kwa sababu nilikuwa na haraka, na hilo ndilo kosa langu kubwa.

Mwaka huu jimbo letu lina jubilei ya miaka hamsini na wimbo huo umechaguliwa kuifungua, tena utachapwa kwenye kitabu cha nyimbo za jubilei na jina la mtunzi chini yake. Ghafla mwalimu wa kwaya ya majirani zetu wa Kipawa, anaitwa Kamugisha, akasimama akasema wimbo ni wake, aliutunga mwaka jana mwezi wa nane. Mchungaji amesema tukutane kwaya zote mbili Jumamosi ya wiki ijayo, kila upande ulete ushahidi. Hapo mdomo wangu ukaniponza, nikawaambia watu wangu kwamba mie ushahidi wangu umepigwa muhuri dunia nzima, faili litafunguliwa mbele ya kila mtu, lisikilizwe, kisha Twaha aonyeshe alama na tarehe. Mzee Kasimiri ameshaazima spika kubwa.

Juzi nikakaa nikalisikiliza. Bi Hamida, dakika ya pili mimi naimba, nakosea, na sauti ya mama Jenipher inaingia safi kabisa, "Sio hivyo, baba Jenipher. Hapo unashuka kwanza, halafu unasubiri. Mbona unakimbia?" Nasikika nasema, "Hivi?" Anasema, "Sasa huo ni wako, sio wangu," anacheka, kisha anaimba mwenyewe kiitikio, hata kibao cha chapati kinasikika, na akimaliza anasema, "Huu nilikuwaga namwimbia mama kule wodini, alikuwa hapati usingizi." Yote hiyo ni dakika moja na nusu.

Nikatengeneza nakala, nikakata kile kipande, nikampelekea Twaha aijaribu. Alama ikatoka nyingine kabisa. Nikamwambia basi tukate yale maneno ya mwisho tu, sekunde tano, ikatoka nyingine tena. Twaha akacheka mpaka akashika meza, akasema, "Braza, hata ukitoa kikohozi chako, hilo ni faili lingine, na hilo lingine limezaliwa leo."

Ndiyo nakuuliza, kuna njia yoyote ya kukata kipande kile bila muhuri kujua? Kama hakuna, nifanyeje, maana nikipeleka faili zima naaibika mbele ya kwaya mbili, na nisipolipeleka Kamugisha anaondoka na wimbo. Halafu kuna kitu kingine, sijui hata kama kinahusiana. Mama Jenipher wimbo ule hauimbi. Kwaya ikianza anafungua mdomo tu, na mwalimu wa kwaya anamjua anayeimba na anayefungua mdomo, nimesimama mbele yake miaka miwili namwona. Na jikoni siku hizi haimbi wimbo wowote, kimya. Nilidhani ni uchovu.

Ni mimi mwalimu wa kwaya, Gongo la Mboto.

*

Mwalimu, marahaba.

Uliniomba nisicheke. Nilijikaza vizuri mpaka nilipofika pale mzee Kasimiri alipoazima spika kubwa, hapo nikashindwa, na majirani zangu ni mashahidi. Nisamehe.

Tumalize kwanza la kompyuta, kwa kuwa ndilo jepesi. Mimi kompyuta naijua ya kuandikia tu, kwa hiyo nimempigia simu mpwa wangu Farhan, ambaye kazi yake ni hizo hizo, nikamsomea barua yako. Amesema Twaha anaijua kazi yake na hakuna njia. Hakuna ya kukata kidogo, hakuna ya kukata kwa ustadi, hakuna ya kumjua mtu wa ndani. Wewe mwenyewe ulikwenda kutafuta kitu kisichodanganyika, ukakipata, na sasa umeniandikia kulalamika kwamba hakidanganyiki. Wewe ni mteja wa namna gani?

Farhan kaniambia na jambo la pili, na hili nina wasiwasi hukulielewa vizuri pale kwa fundi. Muhuri ule unasema faili lilikuwepo siku fulani na halijabadilishwa. Hausemi ni nani aliyetunga kilichomo ndani, haukujui wewe wala Kamugisha. Mtu akiiba mbuzi alfajiri na akapiga naye picha saa nne, picha inathibitisha kwamba saa nne alikuwa na mbuzi, basi. Kwa hiyo hata ungefanikiwa kumkata mkeo, Jumamosi ungewafungulia watu ushahidi usiopingika kwamba mwaka juzi mwezi wa pili kuna mwanamume mmoja aliimba wimbo huu kwa kukosea.

Hiyo dakika na nusu unayotaka kuitupa ndiyo yenye kesi yote, mwalimu. Mle ndani kuna mtu anajifunza wimbo na kuna mtu anamsahihisha, na yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la kwaya atajua wimbo ni wa nani kabla mchungaji hajafungua mdomo. Kamugisha hana cha kujibu hapo. Tatizo lako ni kwamba hata wewe huna.

Sasa tuje kwako. Umeandika kwamba kosa lako kubwa ni kumpa Twaha faili bila kulisikiliza. Sentensi hiyo nimeisoma mara mbili, nikavua miwani nikaifuta, nikaisoma ya tatu. Kosa lako kubwa ni hilo? Kweli kabisa?

Makofi nayaelewa. Ni matamu, na wewe hukuamka Alhamisi ile ukiwa umepanga kumwibia mtu. Ulichelewa kusema dakika moja, ile dakika ikakufanya uone aibu kusema kesho yake, na kesho ikawa miaka miwili. Wengi tumewahi kukwama hivyo, mimi nikiwemo. Na kuupangia wimbo sauti nne kabla chapati hazijaiva ni kazi ya mtu mwenye kipaji, sitakunyang'anya hilo.

Lakini mwanamke yule alimwimbia mama yake mgonjwa wimbo huo kitandani hospitalini. Wewe ukauchukua, ukaupeleka kanisani, ukapigiwa makofi mbele ya macho yake, na alipofika nyumbani akakwambia neno moja, "Wameupenda." Alikuwa anakupa nafasi, baba! Alikuachia mlango wazi kabisa uingie useme samahani, na wewe ukamjibu kama vile mnazungumzia mboga. Hapo sikucheka. Hapo niliumia, na nimekukasirikia mpaka sasa ninapoandika. Halafu unaniuliza kama kimya chake kinahusiana. Unasikia mtu akikosea nusu ya sauti katika kwaya ya watu thelathini, na hukusikia mkeo akinyamaza ndani ya nyumba yako mwenyewe.

Fanya hivi, na ufanye leo, kabla hajaufikia ukurasa huu, maana akikukuta gazetini kabla hujasema mwenyewe mimi sitakuwa na msaada tena. Kaa naye, washa simu, sikilizeni faili lote mpaka mwisho. Usimpe hotuba. Mwambie nilichukua wimbo wako, nikaacha watu waamini ni wangu, nimekosa, nisamehe. Usimtajie Kamugisha, usimtajie jubilei, hayo yana siku yake. Akinyamaza nawe nyamaza. Akilia mpe nafasi ya kulia. Akikucheka shukuru Mungu.

Baadaye, akiwa tayari, muulize anataka wimbo huo ufanyweje. Akisema hataki upelekwe popote, haupelekwi, hata kama Kamugisha atachapwa kitabuni kwa herufi kubwa, na wewe utaenda Jumamosi useme mbele ya watu kwamba wimbo si wako na huna ushahidi wa kuleta. Utaaibika, ndiyo. Aibu hiyo ni yako, uliiweka akiba mwenyewe.

Akikubali upelekwe, basi rekodi usiiguse tena hata kidogo. Mwambie Twaha akuwekee nakala kwenye flashi mbili. Farhan anasema kunakili hakubadilishi kitu, kukata ndiko kunakobadilisha. Usiitume WhatsApp kama sauti, maana kule faili hubanwa na alama inakuwa nyingine. Na ile hati ndogo ya muhuri, ambayo Farhan anasema lazima Twaha alikupa, itunze pamoja na faili, kimoja bila kingine hakikusaidii. Siku ikifika, mwache mzee Kasimiri awashe spika yake. Isikike yote, na kibao cha chapati, na wewe unavyokimbia badala ya kusubiri. Ikimalizika simama wewe, usimsukumie yeye kusimama, useme mtunzi ni nani na mpangaji wa sauti ni nani, na kwa nini umechelewa miaka miwili kusema. Kamugisha usimzomee. Wewe na yeye mmefanya jambo lile lile, mmepishana tarehe tu.

Nimalizie na hili. Uliniomba nifiche jina lako, nimelificha. Na kwa kuwa ulinitajia nusu ya jimbo, nimebadilisha na mengine yote, la fundi wako, la mwenyekiti, la mwalimu wa Kipawa, hata la binti yenu. Nilipofika kwa mkeo nikatafuta jina la kubadilisha, sikuliona. Nikarudi juu nikaisoma barua upya, mstari kwa mstari. Mke wangu, mama Jenipher, yeye. Kumwita mama fulani ni heshima, sipingi, na mimi mwenyewe naitwa hivyo mtaani kwetu. Lakini kwenye kitabu cha nyimbo, chini ya wimbo, hapaandikwi mama fulani, panaandikwa jina la mtu. Leo utakapokaa naye, kabla hujawasha hiyo simu, mwite kwa jina lake.