Mgongo Wangu na Mtu wa Chini

Jumatatu, 3 Juni

Vidonge viwili kabla ya uji. Kimoja hakinifikishi tena saa nne.

Tumepandisha gogo la mninga jukwaani, tumepiga mstari kwa kamba iliyopakwa unga wa betri kuukuu. Mimi juu, Osea chini shimoni. Mwaka wa sita hivyo hivyo. Wa juu anapandisha msumeno na kufuata mstari. Wa chini anauvuta ushuke, na hapo ndipo unapokata. Vumbi lote linamwangukia yeye.

Maumivu yapo kati ya mabega, kushoto kidogo. Asubuhi pamekaza. Mchana panawaka. Jioni shingo haigeuki, mtu akiniita nageuka mwili mzima kama fisi.

Osea kasimama mara tano leo. Anakung'uta mikono, anajifinya vidole. Mtu wa miaka thelathini. Mimi nina arobaini na saba na nimenyamaza.

Jumatano, 5 Juni

Osea kasema tena, "Shemeji, shuka mimi nipande. Hata wiki moja tu."

Ni mdogo wa mke wangu. Nilimtoa Makete mwenyewe, nikamfundisha kazi huku Katavi. Nikamjibu kwamba shimo ni la mwanafunzi, siku akihitimu nitamwambia. Watu wa kambi wakacheka. Naye akacheka.

Ukweli ni kwamba wa juu ndiye anayeitwa fundi. Tajiri wa mbao anajua jina la wa juu tu. Nikishuka nitaulizwa kwa nini nimeshuka.

Jumamosi, 8 Juni

Nimekwenda Katumba kununua vidonge. Kwenye duka la dawa dada muuzaji kanitazama.

"Baba, hizi si ulichukua juzi? Anameza nani?"

Nikasema ni za kambi nzima. Uongo. Zote nameza mimi, na tumbo linachoma.

Nimenunua na dawa ya kuchua. Inanuka, inawasha, lakini mkono wangu haufiki panapouma. Ningemwomba Osea anichue. Sikumwomba. Angejua.

Nimelala chali juu ya chupa tupu ya soda, naiviringisha kwa mgongo huku na huku. Dakika kumi za nafuu. Halafu panarudi.

Jumanne, 11 Juni

Siku mbaya.

Osea kaachia mpini katikati ya ubao, msumeno ukakwama. Kasema vidole vimekufa ganzi, tupumzike. Mgongo ulikuwa unawaka, nikaona kama yeye ndiye anayeuwasha. Nikasema kwa sauti, kambi nzima inasikia:

"Mahari nilitoa ya dada yako. Wewe hukuwemo. Sikuomba nyongeza ya mzigo."

Safari hii hakuna aliyecheka. Akapanda kutoka shimoni na vumbi kwenye kope. Akakunja blanketi lake. "Haya, shemeji." Basi, hayo tu. Akashika njia ya kwenda barabarani kwa miguu.

Njaa itamrudisha.

Jumatano, 12 Juni

Haikumrudisha.

Nimepanda kichuguu kutafuta mtandao, nikampigia mke wangu. Nikamwambia mdogo wake kakimbia kazi, ni mvivu. Akasema, "Osea?" Kama nimekosea jina. Nikasema mtandao mbaya, nikakata.

Ijumaa, 14 Juni

Tajiri kaleta mtu wa Katumba akae shimoni. Mzee Bosco. Kapasua mbao tangu ujana wake.

Nilipouvuta msumeno mara ya kwanza nilidhani umefungiwa jiwe. Nikasema meno ni butu. Tukauchomoa, nikanoa kwa tupa karibu saa nzima. Tukarudisha. Uzito uleule. Nikamwuliza mbona ananing'inia kwenye mpini. Akacheka mpaka akakohoa.

"Wewe Mkinga wa Makete, mie navuta chini. Kupandisha ni kwako. Au unataka nikupandishie? Mie jeki?"

Nikamwambia mwenzangu hakuwa mzito hivi.

"Basi alikuwa anakusukumia. Kuvuta yeye, kusukuma yeye. Huyo mikono yake itakuwa imekwisha."

Kasema hivyo huku anatafuta tumbaku mfukoni. Mimi nimebaki juu ya gogo, nimeshika mpini.

Jumamosi, 15 Juni

Nimemwomba mzee Bosco asukume mara kumi kutoka chini, nione. Kasema mimi ni mtu wa ajabu, lakini kasukuma. Msumeno ukapanda wenyewe. Ulikuwa ule ule wa kila siku. Ule ninaoujua.

Nikamwambia inatosha.

Mgongo ulianza mwaka juzi, wakati wa kupasua mbao za shule. Wiki mbili nilikuwa siwezi kuvaa shati. Halafu kazi ikawa nyepesi, nikasema vidonge vimenisaidia. Nilivisifu. Nikawashauri na wengine wavimeze. Si vidonge, ni mikono ya Osea iliyonisaidia. Na hakuniambia neno hata moja, maana alijua ningemfukuza kwa kuniona mgonjwa. Badala yake nimemfukuza kwa kumwona mvivu.

Mchana mkono wa kushoto umekataa kupanda juu ya bega. Nimejaribu mara tatu. Mzee Bosco kanishusha jukwaani kwa kunishika kiuno.

Jumanne, 18 Juni

Nimekuja Mpanda na lori la mbao. Njia nzima nimesimama, maana kukaa kunauma zaidi.

Hospitali wamenipeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Binti mdogo, labda umri wa mwanangu Upendo. Kanivua shati, kanibonyeza kwa kidole gumba. Nimetoa sauti ambayo sikuipenda.

"Pole, baba. Mfupa hauna shida. Ni nyama imechoka, imejifunga mafundo. Umeibeba hivi muda gani?"

Miaka miwili.

"Na hukuja?"

Kaniambia vidonge vile nimevimeza mno, vinaweza kunitoboa tumbo, na siku zote vilikuwa vinazima kelele tu huku nyama inaendelea kuumia. Msumeno marufuku wiki sita. Baada ya hapo atanipima. Juu ya gogo, kasema, nisahau.

Nilisubiri nikasirike. Sikukasirika.

Alhamisi, 20 Juni

Nimepanga chumba mtaa wa Majengo. Mazoezi asubuhi na jioni. Kurudisha mabega nyuma kama nataka yagusane, kuhesabu mpaka kumi, kuachia. Kuvuta kidevu ndani. Kufunga mpira wa baiskeli kwenye komeo la mlango na kuuvuta taratibu kwa mikono miwili. Kisha taulo lililokamuliwa kwenye maji ya moto, mpaka lipoe.

Mambo ya kitoto. Yananitoa jasho kuliko mninga.

Bila vidonge najua sasa panauma kiasi gani. Panauma sana.

Jumapili, 23 Juni

Nimekwenda kanisani kwa Walutheri. Watu wa Makete hawapotei mbali na kanisa. Baada ya ibada mama mmoja kaniambia Osea yupo mjini, anaosha pikipiki karibu na stendi.

Jumatatu, 24 Juni

Nimemkuta amechuchumaa anasugua tairi. Kanisalimia vizuri. Vizuri mno, kama anavyosalimiwa mteja. Kitambaa kikamdondoka, akakiokota kwa kukibana kati ya viganja viwili. Vidole havikunjiki.

Nilikuwa nimepanga maneno tangu Majengo. Yakaisha yote. Nikasema, "Nimeujua uzito wa msumeno."

Akaendelea kusugua. "Nani kakwambia?"

"Msumeno wenyewe. Kwa nini hukusema?"

"Shemeji, ungenisikia? Nilikuambia shuka mara ngapi?"

Nikasema anisamehe. Nikasema nilimtukana kwa dada yake pia, nikamwita mvivu. Hapo akaacha kusugua.

"Kwa dada?"

"Ndiyo."

Akatumbukiza kitambaa kwenye ndoo. "Ya kambini nimesamehe. Hilo la dada kalitengeneze wewe mwenyewe."

Nikamwuliza kama atarudi msituni, akae juu, mimi nitafute kazi nyingine palepale kambini. Akanionyesha mikono. Sikuuliza tena.

Ijumaa, 28 Juni

Hospitali mara ya pili. Yule binti kasema fundo moja limelegea. Shingo inageuka kulia sasa, kushoto bado.

Nimemweleza habari za mikono ya Osea. Kasema nimlete, ganzi ya namna hiyo haisubiri. Nimekwenda stendi kumwambia. Kasema atafikiria.

Mgongo leo umeuma kidogo. Kuna kitu kingine kinauma na hakina zoezi.

Jumapili, 30 Juni

Nimempigia mke wangu. Nimesimama uani, mgongo ukutani.

Nimemwambia yote. Kwamba mdogo wake hakukimbia, nilimfukuza. Kwamba nilikuwa mgonjwa miaka miwili na kila nilipopiga simu nilisema mzima. Kwamba Osea ndiye aliyekuwa anainua mkono wangu, na sasa mikono yake haifungi vifungo vya shati.

Hakunigombeza. Ningependa anigombeze. Kasema, "Baba Upendo, watu wawili nimewatoa nyumbani wazima." Kisha kasema ana uji motoni.

Jumatano, 3 Julai

Osea kaja hospitali. Peke yake, nilimkuta kwenye benchi. Tumekaa bega kwa bega kama watu waliopanda basi moja. Wamempa vibao vya kufunga viganja, avae wiki kadhaa. Kasema mteja mmoja wa pikipiki kamwuliza kama amepigana.

"Umemjibu nini?"

"Nimesema ndiyo. Nimepigana na shemeji."

Nikacheka. Kucheka bado kunavuta palepale.

Jumapili, 7 Julai

Baridi ya asubuhi, na upepo wa vumbi. Nilikuwa mlangoni navuta mpira Osea alipopita akitoka kanisani. Kasimama na vibao vyake mikononi, kanitazama.

"Shemeji, unakamua ng'ombe?"

Nikamwambia ahesabu basi, badala ya kusimama. Akahesabu. Kila nikifika nane anarudi sita. Nilimwacha.

Tumekunywa chai. Kasema kapata kazi kwenye banda la mbao, kupokea na kupanga oda, haihitaji nguvu. Msituni harudi. Kasema bila hasira, na mimi nimesema sawa. Sijui wiki sita zikiisha nitafanya nini. Kupasua na mtu mwingine sitaki.

Wakati wa kuondoka alipita nyuma yangu. Akaweka kiganja kati ya mabega, kushoto kidogo, akabonyeza kwa kile kibao.

"Hapa," kasema. Hakuuliza.

Sijawahi kumwonyesha.

"Hapo," nikasema.

Akashika hapo kidogo. Halafu akaenda zake.