Volti za Namba Nne

Jumatatu, 7 Julai 2008

Nimepuliza vumbi kutoka kwenye kompyuta zote sita za duka kabla ya saa mbili. Namba Nne ndiyo chafu zaidi. Iko karibu na mlango, inakula vumbi la barabara nzima. Feni yake nimeisugua kwa mswaki wa zamani.

Ni mashine nzee. Boss wetu, Mzee Kirit, aliitoa kwenye ofisi moja iliyofungwa. Mchezo wa magari ulikuwa unakwama kila kona na wateja waliikimbia. Mwezi uliopita niliingia kwenye ile skrini ya bluu inayotokea kabla mashine haijaamka vizuri, nikapandisha mapigo ya prosesa, ubongo wa mashine, kutoka 100 hadi 120. Sasa inakimbia kuliko ilivyotengenezwa. Boss alimsifu Kevo, mhudumu mwenzangu, akidhani ni kazi yake. Kevo akasema asante. Nilikuwa nimesimama hapo hapo.

Kevo ananiita Bubu. Wateja wameiga.

Jumamosi kuna mashindano ya magari hapa dukani. Baada ya hapo Boss atabaki na mtu mmoja tu, yule anayejua mashine. Nisipokuwa mimi, naenda Karagita kwa shangazi, kukata maua. Chumba kimoja, watu watano. Shangazi ameshaongea na msimamizi wa shamba la maua.

Asubuhi nikija kazini nafanya mazoezi ya kusalimia watu, "niaje". Nauambia ukuta wa posho mill, pale wanaposaga unga. Huko inatoka vizuri. Nikifika mlangoni sauti inaisha.

Jumanne, 8 Julai

Kevo alienda kunywa chai. Nikajaribu mapigo 133. Namba Nne ikakataa kuamka. Nikaiongezea umeme, kutoka volti 1.5 hadi 1.85.

Ikaamka. Dakika kumi nzima. Gari lilipita kona zote bila kushtuka. Nilitaka kupiga kelele na hakukuwa na mtu wa kumpigia.

133. VOLTI 1.85. IMEKUBALI.

Jumatano, 9 Julai

Ni vizuri nilisoma. Zile karatasi nilizochapa kutoka mtandaoni mwezi wa tano, leo nimezimaliza. Watu wenye prosesa kama yetu wanasema ukipita volti 1.7 inakimbia vizuri sana, kisha siku moja inazima na haiamki tena. Haitoi onyo.

Nimerudisha 120 na 1.5. SIRUDII TENA. Zile namba za jana ni sumu.

Kevo amenimwagia maji ya kupiga deki kwenye viatu, akasema ni bahati mbaya. Mama yake bado yuko kwenye hema la wakimbizi. Nyumba yao ya Kuresoi ilichomwa Januari, kwenye vurugu za uchaguzi. Kevo analala nyuma ya duka, katikati ya makatoni, na kila Jumapili anampelekea mama yake unga. Najua haya yote. Bado namchukia.

Alhamisi, 10 Julai

Kevo alitoa daftari hili kwenye mkoba wangu nikiwa chooni.

Nilirudi nikamkuta amesimama juu ya kiti. "Wasee, sikizeni Bubu anaongea na nani." Akasoma ile ya posho mill. Kwa sauti ya msichana mdogo. Watu kumi na mmoja, niliwahesabu. Mmoja alicheka mpaka akashika meza.

Kisha wakapanga foleni. Mmoja mmoja, mkono mbele: "Niaje, Bubu." "Niaje, Bubu." Wa mwisho alikuwa Kevo. Alinishika kidevu akaninyanyua uso. "Jibu basi. Ama nikuletee ukuta?"

Boss aliingia, wakatawanyika. Kevo alinirushia daftari. Alikuwa ameona ukurasa wa namba. Akaninong'oneza kwamba Jumamosi Namba Nne itapaa, na Boss ataona fundi ni nani.

Sikulia. Nililia nyumbani.

Jumamosi, 12 Julai

Namba Nne imekufa.

Saa tisa alasiri, raundi ya mwisho. Mabati ya paa yalikuwa yanawaka kwa jua, duka limejaa. Tangu asubuhi ilikuwa ikipaa kweli, na Kevo akimwambia kila mtu ni kazi yake. Kisha skrini ikawa nyeusi. Feni iliendelea kuzunguka. Kevo aliiwasha mara saba. Jasho lilimtoka mpaka kwenye kope.

Boss aliuliza nani aligusa. Kevo akanionyesha kidole. Akasema namba ni zangu, ziko kwenye daftari langu.

Boss anataka daftari Jumatatu asubuhi.

Jumapili, 13 Julai

Hapa ni nyuma ya daftari langu la Kemia la Form Four. Boss hataliona hili.

Nimechana ukurasa wa Ijumaa kwenye lile lingine. Vipande vilivyobaki kwenye uzi wa mshono nimevitoa kwa pini, haionekani. Ukurasa nimeuchoma kwenye jiko, mama akapika chai juu yake.

Nauandika tena hapa, kwa sababu sitaki siku moja nijidanganye.

Ijumaa Kevo alikuja peke yake. Aliogopa. Alijua kuna namba tu, hakujua maana yake. Aliniomba daftari. Nilimfungulia mwenyewe. Ukurasa wa Jumanne. Onyo la Jumatano liko nyuma ya karatasi hiyo hiyo, na karatasi niliibana kwa kidole gumba ili isigeuke. Aliandika 133 na 1.85 kwenye kiganja.

Kisha akaniuliza. "Nekesa, hii iko sawa?"

Hajawahi kuniita Nekesa.

Niliitikia kwa kichwa.

Jumatatu, 14 Julai

Boss alisoma amesimama, miwani kwenye ncha ya pua. Alisoma Jumatatu pia, ile ya ukuta. Nilitaka ardhi inimeze. Akasoma Jumanne. Akageuza. Akasoma Jumatano mara mbili, mara ya pili kwa sauti, mpaka pale pa sumu.

Alimuuliza Kevo kwa nini hakugeuza karatasi.

Kevo alisema nilikuwa nimeishika. Alisema aliniuliza na nikamjibu kwamba iko sawa.

"Huyu?" Boss alisema. "Huyu mimi mwenyewe nikimsalimia hajibu."

Wateja wawili walicheka. Walikuwa kwenye ile foleni. Mmoja akasema, "Kevo, Bubu ataongea aje?"

Kevo alinigeukia. Sauti yake ilikuwa ndogo. Alisema, "Nekesa, waambie. Tafadhali."

Boss akaniuliza kama ni kweli. Niliangalia sakafu, kama kila siku. Hiyo ilitosha.

Kevo alipewa mpaka Alhamisi atoe vitu vyake nyuma ya duka. Mimi nabaki.

Nilidhani nitasikia vibaya. Nilisikia njaa. Nilikula chapati mbili.

Alhamisi, 17 Julai

Boss ameleta prosesa nyingine ya zamani. Nimeifunga mwenyewe. Mapigo 100, volti 1.5. Mchezo unakwama kidogo kwenye kona. Hakuna aliyelalamika. Wananiita Fundi sasa.

Shangazi ameambiwa nafasi ya Karagita ampe mtu mwingine.

Kevo alitoka nyuma ya duka saa nne. Alikuwa na godoro limekunjwa na kufungwa kwa kamba ya katani, na mfuko wa unga. Alisimama mlangoni akingoja nitoke njiani.

Nikasema, "Niaje, Kevo."

Ilitoka vizuri. Sikuwa nimeifanyia mazoezi.

Alipita na godoro, likagusa Namba Nne, vumbi likaangukia feni. Nikachukua mswaki.