Mwisho wa Lile la Godoro

S.L.P. 214,
Ghorofa ya Pili, Nyuma ya Ukumbi.
Jumatatu, 14 Oktoba 2019.

Mpendwa dada yangu,

Pokea salamu kutoka chumba kile kile chenye dirisha linalotazama bati la ukumbi. U hali gani? Goti lako limekubali ngazi, au bado mnagombana? Shemeji je, na wapwa zangu? Sisi huku ni wazima. Wifi yako anakohoa kidogo asubuhi, lakini sauti ya kunigombeza haijapungua. Baba yako, Baba Mdogo wangu, anakula vizuri, na akishamaliza anauliza kama chakula kimeiva.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza. Karatasi haikatizwi, basi kaa chini unisome mpaka mwisho, ndipo ukasirike.

Ujumbe wako wa tarehe 12 Septemba niliunakili katika shajara kama ulivyo: "Msimpandishe baba jukwaani. Amewachekesha watu miaka arobaini, msimfanye achekwe." Niliusoma mara tatu, na mara zote tatu nilikubaliana nawe. Hata hivyo Jumamosi ya tarehe 5 mwezi huu alipanda. Mimi ndiye niliyemshika mkono kwenye zile ngazi nne.

Ukumbi ulikuwa unatimiza miaka hamsini, na kamati iliomba dakika tano za Bwana Godoro, kwa jina lile lile la Baba Mdogo la jukwaani. Nilikwisha kuandika barua ya kukataa, na stempu nimebandika. Kisha redio ikaleta kipindi cha zamani, na watu ndani ya redio wakapiga makofi. Baba Mdogo akasimama katikati ya chumba, akainama kulia, akainama kushoto, akakaa. Hakujua ni siku gani, lakini alijua makofi yanajibiwaje. Ile barua haikutoka.

Unazikumbuka zile Jumamosi za maonyesho? Unamkumbuka Chiriku, siku kipaza sauti kilipokufa? Alikisogeza pembeni kwa kidole kimoja kama mtu anayefukuza nzi, akaimba hivyo hivyo, na aliyekaa karibu na mlango wa choo akasikia kila neno. Na Mapafu, Mungu amrehemu, na tarumbeta yake: alishika sauti moja mpaka mhudumu akajaza glasi sita na kufuta meza, ndipo akavuta pumzi. Wale watu waliiheshimu kazi. Walijipigia pasi wenyewe kwenye meza ya tiketi, na viatu walivipangusa nyayo kabla ya kukanyaga jukwaa. Nimefanya kazi masijala miaka thelathini na moja, sijaona ofisi iliyofungua mlango kwa wakati kama lile pazia: saa tisa kamili alasiri.

Na kati yao wote hakuna aliyemfikia baba yako. Sisemi kwa sababu ni wetu.

Tatizo lilikuwa maneno. Mama Mkasi, fundi wa mavazi, bado yupo na bado ana ulimi. Alipokuja kulipunguza lile koti la drafti, vifungo vyake vikubwa kama visahani, alimzunguka Baba Mdogo na pini mdomoni akasema, "Bwana Godoro, umebaki foronya." Baba Mdogo akamjibu, "Na wewe umebaki sindano, tundu tu." Tukajua bado yumo. Lakini lile la godoro lenyewe, kichekesho kilichompa jina, mwanzo anao, mwisho hana.

Nikasema msiwe na wasiwasi, kila Jumamosi niliandika. Nikapanda juu ya kiti, nikashusha shajara ya mwaka 1974. Dada, nilichokikuta ni hiki:

"Jumamosi, 3 Agosti. Baba Mdogo ametoa lile la godoro. Tumecheka sana. Kinyozi ameanguka na kiti. Binti yake Baba Mdogo hakucheka. Amekaa mbele, midomo yake inacheza pamoja na ya baba yake."

Tarehe 17: "Lile la godoro tena. Mwisho mpya. Tumecheka kuliko juzi." Ni hivyo mwaka mzima. Niliandika nani kacheka na kacheka vipi. Alichosema Baba Mdogo sikuandika hata neno.

"Kwa hiyo karani mzima wa masijala," akasema wifi yako, "umetunza jalada miaka arobaini na mitano, karatasi ndani hakuna!"

Utakumbuka utaratibu wao. Mtu akipotewa na maneno jukwaani, Mama Mkasi nyuma ya pazia alibana mkasi mara mbili, na mtu alijua: vua kofia, tazama ndani, kuna karatasi. Sikuwa na karatasi nyingine, basi nikanakili ile ya tarehe 3 Agosti, nikaibana ndani ya kofia yake. Nilijua haitasaidia. Niliona tu kofia tupu ni mbaya zaidi.

Alianza vizuri mno. "Mtu kanunua godoro. Anakaa ghorofa ya tatu." Akajitwika godoro lisilokuwepo, shingo ikapinda, na mzee wa miaka themanini na mbili akawa kijana aliyeelemewa. Jirani wa kwanza akafungua mlango: "Likunje, bwana!" Akalikunja. Jirani wa pili: "Nani kakwambia godoro linakunjwa? Likunjue!" Akalikunjua, likamfunika. Jirani wa tatu: "Kwani kitanda unacho?" Watu walikuwa wanafuta machozi. Akafika mlangoni kwake, mkewe akafungua, akamtazama, akamwambia...

Nilihesabu mpaka tisa. Niliuona ujumbe wako mbele ya macho yangu, neno kwa neno.

Nyuma ya pazia mkasi ukalia mara mbili. Baba Mdogo akavua kofia, akachungulia, akasoma kwa sauti: "Kinyozi ameanguka na kiti." Akainua macho. "Yupo?"

"Nipo!" akajibu kinyozi kutoka safu ya nne, kichwa cheupe kama pamba.

"Umeshainuka?"

Ukumbi ulilipuka, dada. Alisubiri watulie, akasoma mstari wa mwisho, ule wa midomo yako. Akausoma tena, polepole. Watu wakaanza kumrushia miisho waliyoikumbuka, kila mmoja na wake. Akawakataa wote: "Huo wa siku ya mvua. Huo niliiba. Huo haukuchekesha hata siku ile." Kisha akasema, "Ule wa kwanza anao binti yangu. Nilimfundisha nikimfunga viatu. Yuko mbali. Kaeni, ataandika."

Akavaa kofia. Akainama kulia, akainama kushoto. Hawakukaa, walisimama wote.

Nilizikagua nyuso zile safu kwa safu, kama nilivyozoea kukagua majalada, nikitafuta mmoja tu anayemcheka. Sikumpata. Hata hivyo nilikwenda kinyume na neno lako, na kwa hilo nakuomba radhi.

Sasa mlinzi wa ukumbi ananiuliza kila asubuhi kama barua imefika. Kinyozi naye. Baba Mdogo huuliza mara nyingi zaidi. Tafadhali, dada, tuandikie: mke alimwambia nini?

Msalimie shemeji, na wapwa zangu waambie mjomba anawadai salamu. Wifi yako na Mama Mkasi wanakusalimu. Mungu akulinde njiani na nyumbani, na goti alipe subira.

Baba Mdogo amepita sasa hivi akauliza namwandikia nani. Nimemwambia, binti yako. Amefikiri kidogo, akasema, "Mwambie asibadilishe kitu."

Ni mimi kaka yako nikupendaye,
Karani wa Jalada Tupu.