Ogeto, Mtu wa Obokano na Daraja

Mwaka umetimia, Baba, tangu tukuzike hapa Nyacheki, na tangu mdogo wako, Baba Mdogo Makori, asimame kando ya kaburi kusoma wasifu aliouandika peke yake.

Alisoma kwamba ulikuwa mkulima wa chai, Mkristo na baba wa watoto wawili. Kweli. Lakini obokano yako, kinubi cha nyuzi nane ulichokipiga miaka thelathini, hakuitaja hata kidogo. Na daraja la mtoni akasema lilijengwa na kamati yake. Mama alinishika mkono nisisimame. Leo ameniachilia.

Ulichuma chai tangu alfajiri, ukaipeleka kituoni, ndipo ukakaa na obokano, vidole vikiwa bado vyeusi kwa utomvu. Nilipomaliza chuo nilikusihi uache shamba uwe mwanamuziki tu. Ulicheka. "Natasha mama, nikiacha majani nitaimba habari za nani?"

Jirani yetu Mama Nyanchera alipoteleza kwenye gogo la mtoni akiwa na kikapu chake cha chai, akavunjika mguu, kamati ya daraja ya Baba Mdogo ilikuwa imeshakaa vikao vitano bila kuinua hata ubao. Ukatunga wimbo. Ukauimba siku ya soko, kila mwanakamati na ubeti wake.

"Wee Ogeto," Baba Mdogo akafoka mbele za watu, "hilo gitaa lako la kizamani litajenga daraja?"

"Halijengi, ndugu yangu. Linawaamsha waliolala. Shoka ninalo nyumbani."

Kesho yake uliangusha mikaratusi minne ya shamba lako, ukabeba gogo la kwanza. Watu wakakufuata wakiimba. Baba Mdogo hakuja.

Wiki jana alikuja kwetu, akataka jina lake litangulie kwenye tangazo hili la kumbukumbu yako, eti sasa yeye ndiye mkubwa wa familia. Nilimwambia kwanza asimame kanisani Sabato ijayo, aseme ni nani aliyejenga daraja, na alilijenga akiimba nini. Akaniita mtoto asiye na adabu, akaondoka akiacha chai yake mezani. Jina lake halimo, Baba. Nafasi tumemwachia, siku atakayosema kweli, tutamwandika kwa furaha.

Wanaokukumbuka ni mkeo Kwamboka, wanao Natasha na Duke, dada yako Bochaberi, na Mama Nyanchera, anayevuka mto kila asubuhi.

Hatutakusahau, Baba. Wala hatutakukumbuka nusunusu.